Maswali ya Wasomaji: Nusu Siku Katika Mahandaki ya Cu Chi

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa mistari michache tu, kwamba Waganda wanaokwenda Vietnam kwa shughuli za kahawa hupata nafasi ya kuyaona mahandaki ya vita yaliyo nje ya Jiji la Ho Chi Minh. Mistari hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe ya kahawa, kwa hiyo safu yote ya mwezi huu tumeiachia mada hiyo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa kahawa. Pamoja na wenzangu wa chama cha ushirika tutasafiri kwenda Vietnam kuona wenzetu wanavyolima na kukausha robusta, na kabla ya kurudi nyumbani tutakuwa na siku moja ya mapumziko katika Jiji la Ho Chi Minh. Mwenyeji wetu amependekeza safari ya nusu siku, yenye mwongozaji, kwenda kwenye mahandaki ya Cu Chi. Wenzangu wawili wanasema kwamba kulipa fedha ili kutazama mashimo ni upotevu, na kwamba afadhali siku hiyo tuimalizie sokoni. Je, nusu siku inatosha kuona jambo la maana, na kati ya safari nyingi zinazotangazwa tuchague ipi? — *Mfanyabiashara wa kahawa, Masaka*

JIBU: Nendeni, na wala msihofu kwamba nusu siku ni kidogo, mradi mjue mapema kuwa sehemu kubwa ya nusu siku hiyo itakwisha barabarani. Mahandaki yako kaskazini-magharibi mwa jiji, mwendo wa kilomita 50 hadi 70 kutegemea lango mtakaloingilia, na kwa msongamano wa pikipiki wa huko, ambao mtu aliyezoea Kampala hautamtisha, basi dogo huchukua muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili kufika. Safari ya asubuhi kwa kawaida huondoka mnamo saa mbili na kuwarudisha wageni mjini kuelekea saa nane mchana. Ile ya mchana huondoka karibu na saa saba na kurudi giza likianza kuingia. Ukiondoa muda wa njiani, mtabaki na saa mbili hivi za kuwa mahali penyewe, nazo zinatosha, kwa sababu mtu aliyetambaa chini ya ardhi na kusimama katika joto la nchi ile kwa muda huo ni nadra kutamani kuongezewa. Chagueni ya asubuhi. Jua linakuwa halijakaza, na alasiri yote inabaki kwa ajili ya hao wenzako wa sokoni, au, kama mtakubali ushauri wangu, kwa ajili ya Makumbusho ya Mabaki ya Vita, yaliyofunguliwa mjini humo mwaka 1975, ambayo yanajaza mengi ambayo msitu wa Cu Chi hauyasemi.

Jambo la pili la kuamua ni lango. Wageni hupokelewa sehemu mbili: Ben Dinh, iliyo karibu zaidi na jiji na inayopelekewa makundi mengi ya watalii, na Ben Duoc, iliyo mbali kidogo, pana zaidi na yenye utulivu. Matangazo mengi huandika Cu Chi peke yake bila kusema ni sehemu ipi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa, na ukikuta muuzaji hajui tofauti yake, nunueni kwa mwingine. Kwa kundi kama lenu, ambalo linaweza kuchangia kukodi gari lake, ningependekeza Ben Duoc bila kusita, kwa kuwa huko Ben Dinh katika msimu wa wageni mtajikuta mko nyuma ya kundi lililo nyuma ya kundi jingine, na sauti ya mwongozaji wenu inashindana na za wengine watatu. Hata hivyo atakayeishia Ben Dinh hajapunjwa, kwa sababu mambo ya msingi yapo pande zote mbili. Wapo pia wanaokwenda kwa boti ya kasi katika Mto Saigon; ni ghali zaidi, lakini upepo wa mto ni mzuri, na mtu anaona kwa macho yake kwa nini mto huo ulikuwa muhimu, kwani baadhi ya njia za chini zilifungukia ukingoni mwake.

Sasa nirudi kwa hao wanaoyaita mashimo. Kwa macho matupu hawajakosea sana, maana kinachoonekana juu ya ardhi ni kidogo mno, na kusudi la waliochimba lilikuwa hilo hasa. Uchimbaji ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa vita dhidi ya Wafaransa, ambapo wanakijiji walijichimbia maficho ya watu, silaha na nyaraka. Baadaye maficho ya kijiji kimoja yaliunganishwa na ya kijiji cha pili, na vita dhidi ya Marekani na serikali ya Saigon (jina la zamani la Jiji la Ho Chi Minh, wakati huo makao makuu ya Vietnam Kusini) vilipopamba moto katika miaka ya 1960, mtandao huo ulipanuliwa hadi ukapita, kwa hesabu ya Wavietnam wenyewe, kilomita 200, ambao ni umbali wa kutoka Kampala mpaka Busia mpakani. Kazi yote ilifanywa kwa majembe mafupi na vikapu, na udongo uliotolewa ulitawanywa mashambani, ukamwagwa mtoni au ukatupwa ndani ya mashimo yaliyoachwa na mabomu, ili rubani wa ndege ya upelelezi asione mahali penye lundo jipya.

Ninyi ni watu wa shamba, na swali la kwanza litakalowajia ni kwa nini mahandaki hayo hayakuporomoka. Udongo wa Cu Chi ni mfinyanzi mwekundu wenye madini ya chuma, wa jamii ya ule unaomwagwa kwenye barabara zetu za vijijini na kuitwa muramu: unachimbika vizuri ukiwa na unyevu, lakini ukikauka unashikamana kiasi kwamba kuta hazikuhitaji nguzo wala zege. Njia zilichimbwa kwa ghorofa tatu, ya kwanza ikiwa na kina cha mita 3 hadi 4, ya pili kama mita 6, na ya mwisho ikishuka mita 8 hadi 10. Hazikunyooka hata kidogo. Zilikata kona mara kwa mara ili mlipuko usisafiri mbali na mtutu wa bunduki usipate shabaha ndefu, na baadhi ya sehemu ziliinamishwa zikajazwa maji ili gesi ya sumu iliyopulizwa na adui iishie hapo. Chini humo mlikuwa na vyumba vya kulala, mahali pa kutibia majeruhi, karakana za silaha, vyumba vya mikutano na visima.

Hewa iliingia kwa matundu membamba yaliyofichwa kwenye vichuguu, vya kweli na vya kuigiza. Adui alipoanza kuleta mbwa wa kunusa, wenyeji waliweka pilipili kwenye matundu hayo, na baadaye wakagundua hila bora zaidi, nayo ni kupaka sabuni ya Kimarekani iliyookotwa au kutekwa, ili mbwa wanuse harufu ya mabwana zao na kupita.

Lakini kitu ambacho ningewasihi mkitazame kwa utulivu kuliko vyote ni jiko. Moshi ndio uliowaua wapiganaji wengi wa msituni katika vita vya nchi nyingi, kwa sababu mtu anaweza kuishi bila taa lakini hawezi kuishi bila kupika, na moshi mmoja ukipanda juu ya miti mchana kweupe unatosha kuita ndege. Jiko hilo huitwa Hoang Cam, kwa jina la mpishi wa jeshi aliyelibuni wakati wa vita dhidi ya Wafaransa. Meko yenyewe imechimbwa chini, na moshi badala ya kupanda hupitishwa katika mifereji mirefu iliyofunikwa kwa matawi na udongo, ukikusanyika katika vijishimo vya kati ambako unapoa na kupoteza nguvu, hata unapotoka mahali pa mbali na jiko unakuwa hafifu, umeshikamana na ardhi. Upishi ulifanywa alfajiri, ili hata kile kidogo kilichobaki kichanganyike na ukungu. Mama yeyote wa Masaka anayepikia kuni anaweza kuuelewa ufundi huu haraka kuliko mhandisi, na sijui kwa nini waongozaji wengi hulipita jiko kwa dakika mbili ili wakimbilie mitego ya mianzi.

Mwishoni mtakaribishwa muhogo wa kuchemsha unaochovywa katika karanga na simsim zilizotwangwa kwa chumvi na sukari, pamoja na chai. Najua muhogo mmeuacha nyumbani. Kuleni hata hivyo, kwa kuwa ndicho chakula kilichowashikilia watu hao wakati mashamba ya mpunga yalipochomwa au kunyunyiziwa dawa za kuua mimea, na kwa sababu hiyo hiyo miti mingi mtakayoiona pale ilipandwa baada ya vita. Wenye jicho la biashara watatazama pia ndara zilizokatwa kutoka kwenye matairi, ambazo hapa kwetu ni lugabire, na ambazo huko zinauzwa kwa watalii kwa bei ambayo fundi wa soko la Owino jijini Kampala angeifurahia.

Kuhusu uchaguzi wa safari, shika neno hili moja: fedha unayolipa inanunua basi na tiketi, lakini faida ya siku iko kwa mwongozaji. Mahandaki hayana maandishi mengi ya kujieleza, na mtu anayepelekwa na mwongozaji anayekariri vichekesho atarudi na picha za mitego na hadithi ya mzungu mnene aliyekwama kwenye kijimlango. Vietnam inamtaka mwongoza watalii awe na kitambulisho cha kazi, na kukiomba si utovu wa adabu. Ulizeni kundi litakuwa la watu wangapi. Likizidi kumi na watano, wa nyuma hawasikii. Mkiwa bado garini, mwulizeni kwa nini udongo haukuporomoka au jiko lilifanyaje kazi, na jibu lake litawajulisha mko mikononi mwa nani. Iwapo ni dhaifu, kaeni karibu na wahudumu wa eneo lenyewe waliovaa sare za kijani, kwani baadhi yao wanaijua ardhi hiyo vizuri hata kama lugha yao ya Kiingereza ni ya kuunga-unga.

Safari nyingi husimama njiani kwenye karakana ya kazi za mikono ambako watu wenye ulemavu, wengine wakiwa waathirika wa kemikali za vita, hutengeneza picha na vyombo vya kupambwa kwa vanishi na maganda ya mayai. Kazi ni nzuri, bei ni ya juu, na hakuna anayelazimishwa kununua. Dakika ishirini zinatosha. Mwambieni mwongozaji mapema.

SWALI: Mume wangu ni miongoni mwa watakaosafiri. Ni mtu wa mwili, goti lake linamsumbua, na ana pumu tangu utotoni. Yeye anasema ataingia kwenye mahandaki kama wanaume wengine. Tafadhali mwandikie ukweli, maana mimi nimesema na hasikii. — *Mke na mama, Jinja*

JIBU: Mama, ukweli ni kwamba halazimiki kuingia, na asiyeingia hakosi hata robo ya ziara. Milango, mitego, jiko, karakana na vyumba kadhaa vimefunguliwa au kujengwa upya juu, vikiezekwa tu, na mtu huvitembelea kwa miguu kama anavyotembea shambani. Sehemu ya kupita chini ya ardhi ni kipande cha kama mita 100, kilichopanuliwa makusudi kwa ajili ya wageni, chenye matokeo, yaani milango ya kutokea, kila baada ya mita 20 hivi. Hata baada ya kupanuliwa, mtu mzima hawezi kusimama wima. Huenda ameinama au amechutama, na kadiri anavyosonga mbele njia hufinyika hadi wengine hutambaa kwa mikono na magoti. Mwenye goti bovu atalijua goti lake kabla ya tokeo la kwanza.

Pumu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Chini kuna joto, hewa ni nzito na vumbi hutifuka kwa miguu ya walio mbele. Kama mumeo atashikilia kuingia, basi dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, si kwenye begi lililobaki garini. Amwambie mwongozaji habari ya pumu kabla ya kushuka. Naye ashike nafasi ya mwisho katika mstari. Watu wengi hudhani katikati ndiko salama, kumbe aliye katikati hana pa kurudi, kwani wa mbele wamesimama na wa nyuma wanasukuma. Wa mwisho hugeuka akatoka bila kumsumbua mtu. Atoke kwenye tokeo la kwanza na asimwangalie mwenzake.

Halafu kuna kile kijimlango maarufu kinachofunikwa kwa majani, chenye upana wa kama sentimita 30 kwa 40, ambacho kila mgeni hutaka kupigiwa picha akiwa amezama nusu. Kilipimwa kwa miili ya watu wembamba walioishi kwa muhogo. Mumeo awapige picha wengine.

Ikitokea siku nyingine mkasafiri pamoja hadi katikati ya Vietnam, yapo mahandaki ya Vinh Moc katika mkoa wa Quang Tri, ambayo hutembelewa zaidi na wanaofikia mji wa Hue. Huko watu wengi hupita wakiwa wamesimama, kwa sababu yalichimbwa na kijiji kizima cha wavuvi ili raia waishi humo, si ili wapiganaji wavizie. Familia zilikaa humo kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, baadhi ya njia zikiwa na kina cha mita 23, na watoto 17 walizaliwa humo. Kwa mtu mwenye hali ya mumeo, na kwa maoni yangu hata kwa mzima, Vinh Moc inagusa moyo kuliko Cu Chi. Tatizo ni kwamba haiko njiani mwa msafara wa kahawa.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni askari mstaafu, sasa ni mkulima hapa Luweero. Mwanangu alikwenda huko akaniletea picha ambamo yeye na wenzake wanacheka, wameshika bunduki kwenye uwanja wa shabaha ulio ndani ya eneo hilo hilo. Nimeiona vita, na picha hizo zilinikosesha raha. Je, ni sawa mahali walipofia watu wengi kugeuzwa mchezo? Na je, wageni wanaelezwa habari za pande zote? — *Mstaafu, Luweero*

JIBU: Afande, uwanja huo upo, na huwezi kuukwepa kwa masikio hata ukiukwepa kwa miguu, kwa kuwa milio yake husikika karibu katika ziara yote. Mgeni huchagua silaha, AK-47, M16 au hata M60, kisha hununua risasi kwa hesabu, kwa kawaida zisizopungua kumi. Unapaswa kujua kwamba eneo lote linasimamiwa na kamandi ya jeshi ya jiji, kwa hiyo walioruhusu jambo hili ni warithi wa wapiganaji wale wale, na siwezi kuwafundisha namna ya kuwaenzi wazee wao. Hata hivyo niko upande wako. Mtu anayesikiliza habari za watu waliokaa gizani wakihesabu milio ya bunduki juu ya vichwa vyao, huku wageni wakilipia milio hiyo hiyo umbali wa mita chache, anachanganyikiwa kiakili, na mwongozaji hana maneno ya kulirekebisha hilo. Nusu saa ya shabaha ni robo ya muda wote mtu alio nao pale. Kijana wako simlaumu; yaelekea alipelekwa kwa sababu mwongozaji aliona ni kazi nyepesi kuliko kueleza.

Maana yapo mengi ya kueleza. Mwezi Januari 1966 askari wapatao 8,000, Wamarekani na Waaustralia, walilipekua eneo hilo katika operesheni iliyoitwa Crimp, na ndipo walipoanza kutambua ukubwa wa kilichokuwa chini ya miguu yao. Mwaka huo huo divisheni ya 25 ya jeshi la Marekani ilijenga kambi yake kubwa Cu Chi, na ikashambuliwa na watu waliochomoza kutoka ardhini. Januari 1967 walirudi katika operesheni Cedar Falls wakiwa takriban 30,000, Wamarekani pamoja na jeshi la Saigon. Kijiji cha Ben Suc kilihamishwa watu wake wote, maelfu kwa maelfu, kisha kikasawazishwa na ardhi. Askari wachache, wengi wao wembamba na wafupi, walijitolea kuingia mahandakini wakiwa na tochi na bastola. Waliitwa panya wa mahandaki, na wewe utaelewa kuliko sisi raia ni ujasiri wa namna gani huo. Mahandaki hayo yalitumika pia kuandaa mashambulizi ya Tet (sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam) dhidi ya Saigon mwaka 1968. Kilichoyavunja sehemu kubwa si askari wa miguu, bali mabomu ya ndege za B-52 yaliyomwagwa baadaye, na mashimo yake mapana bado yapo msituni hadi leo. Kwa wale walioishi chini, adui hakuwa Mmarekani peke yake: malaria ilikuwa ya pili kwa kuua baada ya majeraha ya vita, bila kuhesabu nyoka, nge na minyoo.

Kuhusu pande zote, jibu ni hapana. Filamu inayoonyeshwa mwanzoni mwa ziara ni ya kuwasifu wapiganaji, na mgeni ataitazama akijua hivyo. Ben Duoc kuna hekalu la kumbukumbu, lililozinduliwa mwaka 1995, ambalo kuta zake zimechongwa majina ya waliokufa zaidi ya 44,000. Ni mahali pa heshima, mtu huvua kofia na kupunguza sauti. Lakini majina hayo ni ya upande ulioshinda. Wavietnam waliokufa wakiwa jeshi la Saigon, ambao wengi walikuwa watoto wa vijiji jirani, hawamo. Serikali ya Vietnam ilitoa mwaka 1995 hesabu ya wapiganaji wake milioni 1.1 na raia wapatao milioni mbili waliokufa katika nchi nzima, na katika ukuta wa kumbukumbu wa Washington kuna majina zaidi ya 58,000 ya Wamarekani. Waongozaji wengine wanatoka katika familia zilizokuwa na mtu kila upande, nao huzungumza kwa uwazi wa kushangaza, ila ulizeni mkiwa garini, si mbele ya wahudumu wa eneo. Ukipata mwingine anayetaka kwenda, mwambie aagize tangu mwanzo kwamba ile nusu saa ya shabaha aipeleke hekaluni.

SWALI: Sina fedha za kufika Vietnam. Je, hapa kwetu kuna mahali pa chini ya ardhi panaposimulia habari za vita au dhuluma? — *Mwanafunzi, Wandegeya*

JIBU: Nenda Mengo, hapa Kampala. Ndani ya eneo la Lubiri, kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, iliyoshambuliwa na jeshi la serikali ya Obote mwezi Mei 1966, kuna vyumba vya zege vilivyochimbwa kilimani vikiwa ghala la silaha, vikageuzwa gereza la mateso enzi za Idi Amin, aliyetawala kuanzia 1971 hadi 1979. Mbele ya vyumba kulikuwa na maji yaliyotiwa umeme ili mfungwa asitoke. Si mahandaki ya vita ya namna ya Cu Chi. Hapo watu hawakujificha, walifungiwa. Kuna waongozaji wa pale pale na kiingilio cha wastani, na ziara haizidi saa moja. Utasikia idadi kubwa za waliokufa zikitajwa kwa uhakika mwingi. Mwulize mwongozaji amezipata wapi.

SWALI: Tafadhali tueleze kwa ufupi viza, msimu, mavazi na fedha. — *Msafiri, Arua*

JIBU: Tangu tarehe 15 Agosti 2023 Vietnam hutoa viza ya kielektroniki kwa raia wa nchi zote, Uganda ikiwamo, ya hadi siku 90, kwa dola 25 kama utaingia mara moja na dola 50 kama utaingia mara nyingi. Iombeni kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, kwa kuwa tovuti nyingi zinazofanana nayo ni za madalali. Kutoka Entebbe mtaunganisha ndege, wengi wakipitia Doha au Dubai, na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano kiwe pamoja na pasipoti.

Msimu wa kiangazi kusini mwa Vietnam ni Desemba hadi Aprili. Mvua za Mei hadi Novemba hazizuii safari, lakini hunyesha zaidi alasiri, jambo linaloipa safari ya asubuhi sifa moja zaidi, na sakafu za mahandaki huteleza. Vaeni suruali ya rangi isiyoonyesha udongo, viatu vya kufunika vidole, na mpake dawa ya kuzuia mbu. Msitoke kwenye njia zilizowekwa ndani ya msitu.

Kiingilio kwa mgeni katika miaka ya karibuni kimekuwa zaidi kidogo ya dong 100,000, yaani dola nne hadi tano, na hakikisheni kama bei mliyopewa na kampuni imekijumuisha, kwa sababu zingine huwadai wageni langoni. Chukueni dong ndogo ndogo za maji ya kunywa. Bahashishi si lazima huko, lakini mwongozaji aliyewajibu vizuri hustahili, na ni vyema apewe mkononi mwake kabla ya gari kufika hotelini, maana mkishashuka kila mtu hutawanyika na dereva ndiye hubaki mlangoni.